Aliyeuawa Hahitaji Kuwa Ndugu Yetu

Na Ramadhani Kasubi

Jumanne jioni kwenye kijiwe chetu cha kahawa hapa Tabora, kijana mmoja alizungusha simu yenye picha ya mtaa wa Berlin. Mbele ya mlango wa nyumba, chini kabisa wanapokanyaga wapita njia, vimepachikwa vibao vinne vya shaba. Kila kibao kina jina: baba, mama na watoto wawili, Wayahudi waliotolewa mlango huo wakaenda kuuawa. Bwana mmoja mwenye suti akatua kikombe. “Ugomvi wa Mjerumani na Myahudi huo. Sisi unatuhusu nini?” Kijiwe kizima kikacheka.

Kahawa ilinishinda. Wayahudi milioni 6 waliuawa na utawala wa Hitler, tangu vikongwe hadi watoto wachanga, na mtu mzima anauita ugomvi! Mtoto wa kunyonya aligombana na nani?

Nikamweleza habari za Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake Msudani, askari wa jeshi la Mjerumani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta mdogo, naye akatiwa jeshini. Mwaka 1929 alifika Berlin akadai mshahara wa vita, wake na wa baba yake. Hawakumlipa. Akabaki huko: akahudumu mezani, akaigiza kwenye filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 walimkamata kwa kuwa, akiwa mtu mweusi, alikuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani. Wakamfunga bila kesi katika kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Tangu 2007 kibao chake kipo barabara ya Brunnenstraße, sawasawa na vile vya Wayahudi. Kazi ya kupachika vibao hivi aliianzisha msanii Gunter Demnig miaka ya 1990, na leo vibao vimepita 100,000 Ulaya.

Kijiwe kikatulia. Bwana wa suti akasema, “Basi huyo mmoja ni wetu.”

Hapo ndipo hasira iliponipanda hasa. Kumbe maiti huanza kuwa na thamani akishakuwa na jina la kwetu? Mkono uliomuua Mahjub ndio uliowaua wale wanne, kwa hoja ileile ya damu safi na damu chafu. Ukimlilia mmoja ukawacheka wengine, umeikubali hoja ya muuaji.

Na sisi wa Tabora ndio tusingecheka kabisa. Mgeni akija tunampeleka Kwihara kwenye tembe la Livingstone. Lakini waliopitishwa hapa kwetu Unyanyembe wakiwa na kongwa shingoni, wakisukumwa kuelekea pwani, tunawataja kwa jumla tu: watumwa. Sijapata kuona mtaani kwetu jiwe lenye jina la hata mmoja wao.

Mwenye bibi au babu anayekumbuka jina la mtu aliyepita hapa kwenye minyororo, aliandike wiki hii, na Manispaa ilitafutie mahali pa wazi, palipo na watu. Na kuanzia sasa, anayeyaita mauaji ya Wayahudi ugomvi wa watu asitarajie nicheke naye. Yanatuhusu.