Shujaa Tunayemjenga Simuni



Katika mkutano wetu uliopita kulizuka mabishano ambayo hatukuyamaliza, na kwa kuwa muda ulituishia kabla ya hoja kutuishia, tumeombwa kuyaweka hapa kwa maandishi. Swali lilikuwa hili: je, chumba cha vijana, chenye betri na bamba la jua la kuchajia simu, kifungwe kwa wale wanaocheza michezo ya mashujaa? Sote hapa Tunda twajua swali hilo lilikotoka. Wanafunzi wanaporudi likizo kutoka Kindu, huja na simu zenye michezo ambayo ndani yake kila mtu hujitengenezea shujaa wake. Humchagulia jina, vazi, sura na nguvu, kisha humpeleka mapambanoni pamoja na wachezaji wa nchi nyingine asiowajua. Mtandao wetu ni hafifu. Kwa hiyo mwenye simu hungoja usiku, hutafuta mahali palipoinuka, na simu yake moja huzungukwa na vichwa sita vinavyoshauri, vinavyocheka na vinavyolaumu.

Swali hilo lingebaki la mzaha kama lisingeingia jambo la fedha. Mmoja wetu, aliyekabidhiwa mchango wa sare za kwaya, alichukua sehemu ya mchango huo akanunua mega za kuchezea, pamoja na mavazi mapya ya shujaa wake. Alikusudia kurudisha kabla ya sikukuu, asiweze. Kwaya ikaimba siku ile katika nguo za kila siku. Amekiri mbele ya wenzake, naye analipa kidogo kidogo kwa mchele wa shamba lake. Tangu hapo wako wanaosema kwamba mchezo ndio ulioiba, na kwamba dawa ni kuufukuza.

Sisi hatukubaliani nao. Twaona kwamba mlango usifungwe, ila uwekewe sheria. Tutaeleza sababu zetu, lakini kabla ya hapo ni haki tuanze na hoja iliyo nzito kuliko zote zilizotolewa dhidi yetu.

Hoja hiyo haikutoka kwa mwenye hasira. Ilitoka kwa mama mmoja wa shirika letu, ambaye alikuwa msichana vita vilipoingia Kindu mwaka 1998. Alisema kwamba kila asikiapo mlio wa bunduki ukitoka katika mkono wa mtoto, na watoto wakicheka, moyo wake hurudi porini walikojificha. Hatuna jibu la kumshinda mama huyu, wala hatulitafuti. Katika nchi yetu vita si hadithi, na anayecheza akiwa karibu na aliyekimbia vita anapaswa kuzima sauti na kutafuta mchezo mwingine. Lakini tukumbuke pia kwamba mama hakuomba chumba kifungwe. Aliomba tufikiri. Na tufikiri basi.

Mchezo unaojulikana zaidi katika historia ya michezo ya namna hii uliitwa City of Heroes. Ulitengenezwa Marekani na kampuni ya Cryptic Studios, ukafunguliwa mwaka 2004. Aliyeingia humo alikuta kwanza kama karakana: humo alimjenga shujaa wake kuanzia urefu na mwili hadi rangi ya viatu, na watu wengi walikesha katika karakana hiyo kuliko katika mapambano yenyewe. Baada ya sura ilikuja asili: je, nguvu za shujaa huyu zatoka katika maumbile na mazoezi, katika uganga, katika sayansi, katika mashine, au alizaliwa nazo? Mwishowe ilikuja kazi. Wako waliopiga kwa mbali, waliopigana ana kwa ana, waliowafunga maadui wasisogee, waliopokea mapigo kwa niaba ya wenzao, na waliowatia nguvu wenzao na kuwakinga. Mchezaji hakupewa kazi zote. Alichagua moja, na kwa kuichagua alikubali kukosa nyingine.

Hapa ndipo tunapoona funzo ambalo wakosoaji wetu hawalitaji. Yule aliyechagua kuwakinga wenzake alikuwa dhaifu akiwa peke yake, lakini kundi lililomkosa lilianguka upesi. Wahenga wetu hawakuwa na simu, nao walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Katika mchezo huo kulikuwa na jambo jingine ambalo twapenda kila kiongozi wa kundi la vijana alijue. Mchezaji aliyekwisha kupanda ngazi nyingi aliweza kumchukua mgeni wa ngazi ya chini na kumwinua kwa muda karibu na kimo chake, ili watembee pamoja wala mdogo asiachwe nyuma. Iliwezekana pia mkubwa kushuka hadi kimo cha mdogo. Tujiulize kwa unyofu: katika makundi yetu, mzoefu humfanyia hivyo mgeni, au humwacha akae benchi la nyuma mpaka aache kuja?

Lakini tusiusifu mchezo bila kuuchunguza. Mwaka 2004 huohuo kampuni ya Marvel iliwashtaki wenye mchezo ule, ikisema kwamba wachezaji walitumia karakana yao kutengeneza mashujaa waliofanana mno na wake. Kesi ilimalizwa kwa mapatano mwaka 2005. Kesi hiyo yatufundisha kwamba wengi, wakipewa uhuru wa kuumba chochote, huumba kile walichokwisha kukiona kwa wengine. Kisha, mnamo Agosti 2012, kampuni ya NCsoft ya Korea Kusini, iliyokuwa na mali hiyo, ilitangaza kwamba mchezo utafungwa. Wachezaji waliwakusanya mashujaa wao mbele ya jumba la mji ule wa kubuni, wakainua mienge, wakaomba usifungwe. Tarehe 30 Novemba 2012 ulizimwa. Mtu aliyemlea shujaa wake kwa miaka minane aliamka asubuhi hana shujaa. Ni kweli kwamba wapenzi wa mchezo huo waliufufua baadaye, na mnamo Januari 2024 kundi lao moja lilipewa kibali rasmi na kampuni hiyohiyo. Lakini kwa miaka yote ya katikati, mashujaa wale hawakuwa wa wale waliowajenga.

Ndugu yetu wa fedha za kwaya alipaswa kulijua hilo. Vazi alilolinunua limekaa katika mashine ya mtu mwingine, nchi nyingine, na siku mwenye mashine atakapoizima, vazi litakwenda nayo. Sare za kwaya zingekuwa kabatini mwetu. Hata hivyo, hatusemi kwamba mchezo ndio ulioiba. Mchezo ulimshawishi, aliyefungua mfuko ni mkono wake, na waliomwachia mfuko bila kuhesabu ni sisi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tukiufukuza mchezo na kuacha daftari tupu, kesho fedha zitapotea kwa pombe, kwa mpira, au kwa jambo jingine ambalo bado hatujalisikia.

Tuje sasa kwa lile linalotugusa zaidi. Mashujaa hawa wa simuni karibu wote wana nguvu. Ni wachache wanaofundishwa namna ya kuzizuia. Nasi hatukuhitaji kungoja simu ili tujue shujaa ni nini. Jirani zetu Wanyanga wa Walikale wanaye Mwindo. Habari zake zilisimuliwa na mtambaji Shekarisi Candi Rureke mwaka 1956, zikaandikwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, na kitabu kikatoka mwaka 1969. Mwindo alizaliwa akitembea na kusema. Baba yake, Shemwindo, hakutaka mtoto wa kiume. Alijaribu kumwua, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo hakufa. Kwa usinga wake wa mkia na kwa msaada wa shangazi yake Iyangura alishinda kila kizuizi, akamfuata baba yake hadi kuzimu.

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa kama mchezo wowote: mtoto ameonewa, amepata nguvu, amelipa kisasi. Lakini Mwindo alipompata baba yake hakumwua. Alimrudisha nyumbani, wakapatana, wakagawana utawala. Na bado haikutosha. Baadaye Mwindo alisababisha kuuawa kwa Kirimu, dubwana la msituni, bila kujua kwamba Radi, Nkuba, alikuwa na agano nalo. Radi akamchukua juu, na huko shujaa mwenye majivuno alikaa mwaka mzima akiteseka kwa mvua na jua, bila kusaidiwa na usinga wake. Alipoteremka alikuwa ameonywa asiue tena wanyama, naye akawafundisha watu wake kulima, kujenga nyumba nzuri na kuishi bila ugomvi. Ushujaa wake ulikamilika aliponyamazishwa. Twawauliza wanaojenga mashujaa simuni: katika mchezo wenu, ni wapi shujaa hunyamazishwa?

Na tuseme wazi jambo jingine. Simu tunayoishika si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Viungo vyake vidogo huunganishwa kwa bati, na bati hutoka katika kasiterite, jiwe linalochimbwa hapahapa Maniema, huko Kalima, Punia na Kailo. Koltani ya mashariki mwa nchi yetu hutoa madini ya vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme ndani yake. Kijana wetu anayecheza usiku ameshika udongo wa nyumbani. Lakini ndani ya udongo huo mashujaa wote wana majina ya miji ya mbali. Tumechimba, na wengine wamechora. Si lazima iwe hivyo daima. Eyram Tawia wa Ghana na Wesley Kirinya wa Kenya walianzisha Leti Arts, wakatengeneza michezo na vitabu vya picha vya mashujaa wa Kiafrika. Nchini Kenya, tangu mwaka 2010, kitabu cha picha kiitwacho Shujaaz kimewafikia vijana wengi kwa lugha yao wenyewe ya mtaani. Hao walianza kwa kalamu, nasi kalamu tunazo.

Kanisa limetupa vielelezo viwili ambavyo vyafaa katika mabishano yetu. Wa kwanza ni Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alipenda michezo ya kompyuta kama ninyi, na husimuliwa kwamba alijiwekea saa moja tu kwa juma. Hakuna aliyemfungia chumba, alijifungia mwenyewe. Wa pili ni wa kwetu: Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, mtumishi wa ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mjini Goma. Alikataa hongo ili chakula kilichoharibika kisipitishwe na kuuzwa kwa watu, akauawa mwezi wa Julai mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 26. Alitangazwa mwenye heri tarehe 15 Juni 2025. Nguvu yake ilikuwa neno moja, hapana, mbele ya fedha. Ndugu yetu wa kwaya alihitaji neno hilohilo, kwa fedha ndogo zaidi na bila hatari yoyote. Nasi tulio wengi tunalihitaji kila juma.

Kwa hiyo twapendekeza haya, yajadiliwe katika kila kundi. Chumba kibaki wazi. Umeme wa bamba la jua utumike kwanza kwa simu za wagonjwa, za wasafiri na za kazi za parokia, na mchezo upate masalio. Mchezo uchezwe kwa saa zinazojulikana, bila mlio, na asiye na simu apewe zamu yake. Fedha ya jumuiya ishikwe na watu wawili, daftari lisomwe kila mwezi mbele ya wote, na ndugu yetu, akimaliza deni lake, awe mmoja wa hao wawili. Tunajua pendekezo hili la mwisho litawaudhi wengine. Lakini kama tumemsamehe kwa maneno na tunamwogopa kwa matendo, bado hatujamsamehe.

Na la mwisho: kila kundi lipate daftari jipya, na humo mjenge shujaa wenu. Achagueni jina la kwetu. Semeni nguvu yake yatoka wapi, na pia udhaifu wake ni upi, nani humsaidia, na nani ana haki ya kumwambia anyamaze. Akivuka Lomami au Lualaba, avuke kwa mtumbwi mnaoujua. Tutayasoma madaftari hayo pamoja likizo ijayo, na mama yule wa shirika letu tutamwomba aketi mbele na kuwa wa kwanza kusema kama shujaa wetu anafaa kuishi kati yetu.