Kusema lugha ya nyumbani hakutoshi

Mfanyabiashara wetu anayefuata bidhaa Dubai huenda amekwishahudumiwa na Mmalayali bila kujua. Maduka mengi madogo ya vyakula huko huendeshwa na watu wa Kerala, jimbo la kusini-magharibi mwa India, ambao lugha yao ni Kimalayalam. Walianza kumiminika Ghuba miaka ya 1970, mafuta yalipopanda bei.

Karibu wote hawapewi uraia. Wanajua kibali kitakwisha siku moja, nao watarudi. Hata hivyo hawakubaki kama walivyotoka. Tazama Onam, sikukuu yao ya mavuno, inayosimulia mfalme Mahabali aliyeondolewa katika ufalme wake akaruhusiwa kurudi mara moja kwa mwaka kuwaona raia wake. (Sisi tuliokuwa wakimbizi hatuhitaji kufafanuliwa hadithi hiyo.) Ghuba siku hiyo si ya mapumziko, kwa hiyo karamu husogezwa hadi mwisho wa juma, na vyama vyao hupokezana kwa majuma kadhaa. Wahindu, Waislamu na Wakristo hula pamoja, wali na mboga za kila aina juu ya jani la mgomba. Sikukuu ni ileile, ila kalenda ni ya mwajiri.

Linalotugusa zaidi ni watoto. Wengi waliozaliwa Ghuba husema Kimalayalam nyumbani lakini hati yake hawaisomi, kwa kuwa shuleni hufundishwa kwa Kiingereza. Mwaka 2009 serikali ya Kerala ilianzisha Malayalam Mission. Walimu wa kujitolea huwafundisha kusoma na kuandika, na anayefaulu hupata cheti.

Mimi nilizaliwa na kusomeshwa Ulyankulu, Tabora. Nilirudi Burundi na Kirundi cha mama, cha kusema tu. Siku ya kwanza nilipokiandika ubaoni nilikosea, darasa la tatu wakacheka, nami nikaitwa Mtanzania hadi likizo.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi wanaovuka mpaka kila juma wawapelekee ndugu waliobaki kule kitabu cha Kirundi, hakizidishi mzigo. Wala tusiwazomee watoto wanaorudi wakichanganya Kiswahili. Wamalayali wa Ghuba nao huchomeka maneno ya Kiarabu, na hakuna anayewavua Ukerala. Wakuu wa shule za mpakani watufungulie chumba kimoja Jumamosi asubuhi. Chaki tutajitafutia.