Mazungumzo ya Nyumbani: Spika Ndogo na Haki ya Herufi



Mama mmoja wa Rulenge, wilaya ya Ngara, ametuletea khabari ambayo bila shaka majumba mengi yanashirikiana naye. Asema kwamba madrasa iko mbali na kwake, na siku za mvua watoto hukosa kwenda. Kwa hiyo alinunua spika ndogo isiyo na waya, ile ipokeayo sauti kutoka katika simu, ili wanawe wafuatishe kisomo cha Juzuu Amma baina ya Magharibi na Isha. Baada ya miezi mitatu mwalimu alitambua kwamba mwanawe wa miaka minane asoma "Kausar" mahali pa "Kawthar", na "kul" mahali pa "qul". Mama akamkaripia mtoto kwa uvivu. Mtoto akajibu: "Mama, ndivyo isemavyo spika." Sasa mama atuuliza: je, mtoto asema kweli?

Twajibu: yamkini amesema kweli, na haifai kumwadhibu kabla ya kukichunguza chombo. Wala jambo lenyewe si dogo. "Qul" maana yake "sema", na "kul" maana yake "kula". Na sura nne za Juzuu Amma zaanza kwa neno hilo.

Sauti ya mwanadamu ni mitetemo ya hewa. Ile mizito, ya mitetemo 100 au 200 kwa sekunde, huipa sauti unene wake. Ile ya juu, kuanzia 4000 na kuzidi, ndiyo ichukuayo sehemu kubwa ya herufi kama "sin", "tha" na "fa". Simu za waya za zamani zilipitisha mitetemo baina ya 300 na 3400 tu, na ndiyo sababu mtu aliyetaja jina lake kwa simu aliombwa alirudie, kwa kuwa "sin" na "fa" zilifika sikioni karibu sawasawa. Spika mbovu, au nzuri iliyowekwa vibaya, humfanyia mtoto vivyo hivyo. Tena mtoto wa Unguja au Mombasa huzipata "tha", "dhal" na "ghain" katika Kiswahili cha nyumbani kwao. Spika ikiimeza herufi, sikio lake huijaza. Lakini mtoto wa Rulenge ambaye mamaye humsemesha Kihangaza au Kishubi hazipati herufi hizo nyumbani, na asichokisikia hawezi kukibuni.

Basi na tuifuate sauti tangu itokapo hata ifikapo sikioni.

Kwanza ni asili yake. Kunakili kisomo kutoka simu hii hadi ile hakukipunguzi kitu. Kinachokiharibu ni kukibana mno ili kichukue nafasi ndogo, au mtu kukirekodi upya kwa simu yake huku kikitoka katika spika nyingine. Tafuteni rekodi safi ya msomaji asomaye kwa utaratibu. Marehemu Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, ambaye kisomo chake cha Qur'ani nzima kilirekodiwa mwaka 1961, asikilizwa na wanafunzi hata leo kwa sababu kila herufi aliipa haki yake.

Pili ni njia ya hewani. Simu na spika hizi huzungumza kwa mawimbi ya redio yatetemekayo kiasi cha mara bilioni 2.4 kwa sekunde. Mawimbi hayo hudhoofishwa na ukuta wa tofali na na mwili wa mwanadamu, kwa kuwa mwili una maji mengi. Simu ikiwa chumba cha pili, au watoto sita wameketi katikati, sauti hukatikakatika. Iwekeni simu karibu na spika. Na ikiwa spika ina tundu la memori kadi, wekeni kisomo humo, muiepuke njia ya hewani kabisa.

Tatu ni kisanduku chenyewe. Redio za mbao za wazee wetu zilikuwa na sanduku kubwa na karatasi pana ya spika, nazo zilitoa sauti nzito pasipo taabu. Spika ya kiganjani haina nafasi hiyo, na watengenezaji wengi huilazimisha kuzidisha ule mdundo uitwao besi ili ionekane kubwa kuliko ilivyo. Mdundo huo wapendeza katika ngoma, bali katika kisomo hufunika herufi. Ikiwa pana kitufe cha kuupunguza, upunguzeni. Na vumbi la barabara likijaa katika matundu yake, lipanguseni kwa brashi laini iliyo kavu.

Nne ni betri. Ikikaribia kwisha, au ikiwa imechakaa kwa kuachwa juani, chombo hukosa nguvu ya kusukuma sauti kubwa, kikaanza kukwaruza. Wenye kuchaji kwa sola wachaji mchana, ili Magharibi iwakute tayari.

Tano, na ndilo lisahauliwalo kuliko yote, ni chumba. Nyumba nyingi zimejengwa kwa tofali, zikapigwa saruji na kuezekwa bati. Vitu hivi vigumu huirudisha sauti kama ukuta urudishavyo mpira. Neno la pili hufika wakati mwangwi wa neno la kwanza haujanyamaza. Ule mlio mfupi upambanuao "qaf" na "kaf" huzama humo. Mvua nayo ikipiga bati, mtu huongeza sauti, spika ikazidiwa, na mwangwi ukaongezeka pamoja nayo. Dawa yake si kuongeza sauti, bali ni kukaribia. Mahali palipo wazi, ukipunguza umbali kwa nusu, nguvu ya sauti ikufikiayo huwa mara nne. Na chumbani, ukaribu huifanya sauti ya msomaji iushinde mwangwi. Tandikeni mkeka na blanketi, shusheni mapazia, kisha watoto waketi nusu duara, hatua moja au mbili kutoka kwenye spika. Iwekeni juu ya kitambaa kilichokunjwa ili meza isitetemeke, kwa kimo cha masikio yao, uso wake ukiwaelekea, kwa maana mitetemo ya juu hupita mbele moja kwa moja wala haizunguki kwa urahisi. Msiiweke pembeni ambapo kuta mbili zakutana, kwani hapo huvuma. Wala msiitie ndani ya ndoo kama wafanyavyo wengine ili ipaze. Ndoo huongeza baadhi ya milio na kuiharibu mingine.

Kwa ufupi, ikikatikakatika, tazameni njia ya hewani. Ikikwaruza, punguzeni sauti na mtazame betri. Ikivuma, iondoeni pembeni. Ikiwa kama iliyofunikwa nguo, tazameni rekodi na uelekeo wa uso wake. Kisha sikilizeni sura ile ile kwa visikizio vya masikioni. Ikiwa humo "tha" yasikika vema, na katika spika haisikiki, basi mtoto hana kosa.

Kupunguza sauti ni adabu pia. Mwenyezi Mungu katika Sura Bani Israil, aya ya 110, ametuelekeza tushike njia ya katikati katika sala, si kwa kupaza sana wala kwa kunong'ona mno. Na jirani, awe Mwislamu au si Mwislamu, ana haki ya utulivu wake. Masikio ya watoto nayo ni amana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto asipitishe saa 40 kwa juma akisikiliza sauti ya desibeli 75. Tena Qur'ani isomwapo twaamrishwa kunyamaza na kusikiliza. Basi spika isisome huku mama na jirani wakipiga soga. Izimeni mpaka mtakapokuwa tayari.

Mwisho twamwambia mama huyu: ulilolifanya ni jema, usiliache. Lakini spika haina midomo ambayo mtoto ataitazama, wala haimsikii akikosea. Qur'ani imetufikia kwa kupokewa kinywa kwa kinywa, mwanafunzi mbele ya mwalimu wake. Spika na iwe ya kukariri lile ambalo mwalimu amekwisha kulisahihisha, isiwe ya kuanzia somo jipya. Kukipatikana siku isiyo na mvua, mpeleke mtoto kwa mwalimu na sura moja tu, aitengeneze "tha" yake. Na jioni hiyo, kabla ya kuwasha chombo, mwambie mwanao kwamba alisema kweli.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu ndimi na nyoyo zao. Amin.