Samaki wa Mapambo Wanakufa kwa Shibe

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai nilimkuta samaki wangu wa dhahabu akielea ubavu juu ya maji, tumbo limemfura kama kibofu. Alikuwa angali anapumua. Mwanangu wa mwisho, ambaye ndiye niliyemkabidhi kazi ya kuwalisha samaki wale, alisimama kando ya tangi la kioo machozi yakimlengalenga. "Baba, sikumnyima chakula hata siku moja," akaniambia. Alisema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyokuwa chanzo cha ugonjwa wenyewe.

Tangi la samaki si pambo la matajiri peke yao tena. Utaliona katika vyumba vya kungojea vya madaktari, katika mikahawa, na hata katika sebule za watu wa kipato cha wastani. Ni jambo la kupendeza, kwani kumtazama samaki akiogelea humtuliza mtu aliyechoshwa na shughuli za mchana. Lakini yafaa tuambiane ukweli. Katika miaka niliyofuga viumbe hawa sijamwona hata mmoja aliyekufa kwa njaa. Niliowazika, wengi wao waliuawa na shibe, na lawama ni yetu sisi wafugaji pamoja na wale wanaotuuzia.

Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuweka akiba ya chakula kama tulilo nalo sisi. Akilacho hupita kutoka kooni na kuingia utumboni moja kwa moja. Isitoshe, joto la mwili wake hufuata joto la maji, hivyo basi katika baridi ya Nairobi ya mwezi wa Julai chakula husagika polepole mno. Ukimtupia vidonge vikavu kila akujiapo, navyo hufyonza maji na kufura, utumbo wake utaziba. Kile asichokila nacho huzama chini, kikaoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwake. Kwa hiyo anayemlisha kupita kiasi humdhuru mara mbili: kwa kile kilichoingia tumboni na kwa kile kilichobaki majini.

Hata hivyo, si kila tumbo lililofura lina ugonjwa mmoja, na kosa kubwa la wafugaji ni kukimbilia dawa kabla ya kutazama. Samaki aliyevimbiwa kwa kufunga choo aghalabu angali mchangamfu, lakini choo chake hakitoki, au kinaning'inia nyuma yake kama uzi. Huyu tiba yake ni nyepesi. Asipewe chakula chochote kwa siku mbili au tatu. Kisha, akiwa ni samaki wa dhahabu, apewe kipande kidogo cha njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda. Asipopata nafuu, atengwe katika chombo cha maji safi yenye joto sawa na lile la tangi, na humo atiliwe chumvi ya haluli, kijiko kimoja kidogo cha chai kwa kila lita 20 za maji. Nasema chumvi ya haluli wala si chumvi ya kupikia. Hizi ni vitu viwili mbalimbali.

Lakini ukimtazama kutoka juu ukaona magamba yamesimama kama ganda la nanasi, huyo hana shibe. Maji yamemjaa mwilini kwa sababu figo zimeshindwa kuyatoa, na mara nyingi chanzo ni bakteria ambao huishi majini siku zote wakingoja samaki adhoofike. Kupona kwake ni kwa nadra. Mtenge, muite daktari wa mifugo mapema, na upime maji ya tangi lako, maana huko ndiko udhaifu ulikoanzia.

Aina ya tatu ndiyo iliyonifundisha kwa gharama. Nilinunua samaki sita wa Ziwa Malawi, wale ambao wavuvi wa huko huwaita mbuna, wenye rangi za buluu na manjano. Muuzaji akanipa kopo la mabuu mekundu yaliyokaushwa, akaniapia kuwa hicho ni chakula bora kwa samaki wote. Nikamsadiki. Hazikupita wiki tatu, wawili wakaanza kutema kila walichotia kinywani. Choo chao kikawa cheupe na chembamba, wakajificha pembeni wakihema, matumbo yakafura, na kufikia siku ya nne wote wawili wamekufa.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba wengi wa mbuna kwao hula mwani unaoota juu ya miamba, na utumbo wao ni mrefu, umeumbwa kwa majani wala si kwa nyama. Ndivyo walivyo pia samaki wa jamii ya Tropheus wa Ziwa Tanganyika. Wataalamu hawajakubaliana juu ya chanzo kimoja cha maradhi haya. Wengine huwalaumu vijidudu vya utumboni, wengine bakteria, lakini wengi wanakiri kwamba chakula kisichofaa, msongamano na maji machafu ndivyo vinavyoyafungulia mlango. Mbuna wa tatu aliponionyesha dalili zile zile, sikungoja. Daktari wa mifugo alimpimia metronidazole, dawa ile ile wanayopewa watu wenye amiba, naye akapona. Laiti ningechelewa siku mbili tu, ningemzika pamoja na wenzake. Samaki akishaacha kula na kufura, dawa ya kutia ndani ya chakula haimfai tena.

Wala tusisahau tumbo lisilo na ugonjwa wowote. Samaki jike hujaa mayai, na wengine hubeba watoto. Mbuna jike naye hutamia mayai kinywani kwa muda wa wiki tatu hivi, na muda huo wote karibu hali kitu. Nimemwona mtu akimtilia dawa mama kama huyo, akidhani ni mgonjwa.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, na kinga yenyewe haihitaji fedha. Mpe samaki kile atakachokimaliza kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku, na siku moja katika juma usimpe kitu. Hatakufa. Vidonge vikavu vilowekwe kidogo kabla ya kutiwa. Mla mwani apewe chakula cha mwani na mboga, na mla nyama apewe nyama. Badilisha robo ya maji kila wiki. Maji ya mfereji yakiwa na klorini yaache wazi kwa siku nzima, au uyatie dawa ya kuyasafisha, kabla ya kuyamimina. Na kazi ya kulisha ikabidhiwe mtu mmoja. Nyumbani kwangu niligundua kwamba mwanangu alikuwa akilisha asubuhi, mama yake adhuhuri, na mimi mwenyewe nikirudi kazini jioni. Kila mmoja wetu alidhani ni yeye peke yake mwenye huruma.

Najua wapo watakaoniuliza: katika nchi ambamo kuna watoto wanaolala njaa, yafaa kweli tupoteze ukurasa tukizungumzia tumbo la samaki? Swali hili ni la haki, na silikwepi. Jibu langu ni kwamba anayemwaga chakula ndani ya maji hamlishi mtoto yeyote, anakipoteza tu. Zaidi ya hayo, elimu hii haiishii kwenye tangi la sebuleni. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki sehemu nyingi za nchi ili wakulima wajipatie kipato. Mkulima wa ngege anayetupa chakula kingi bwawani huyachafua maji yale yale, hupoteza fedha zile zile, na huenda akaamka siku moja akawakuta samaki wake wakihema juu ya maji. Kanuni ni ile ile, bwawa liwe kubwa au dogo.

Kuna na jambo jingine. Mbuta aliingizwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu, wale samaki wadogo wa rangi ambao Wajaluo huwaita fulu, zilikuwa zimetoweka ziwani. Baadhi ya aina hizo zimehifadhiwa katika matangi huko Ulaya na Marekani, na watu wanaojua kumlisha kila mmoja kwa kadiri yake. Ni aibu kwetu kwamba samaki wa ziwa letu atunzwe vyema ugenini, ilhali sisi tunawaua kwa shibe hawa tuliowanunua kwa fedha zetu.

Kwa hivyo natoa rai kwa wenye maduka ya samaki wa mapambo. Kila anayeuziwa samaki apewe pamoja naye karatasi ya Kiswahili inayoeleza anakotoka samaki huyo, anakula nini, kiasi gani, na maji yake yawe na joto gani. Gharama yake ni ndogo kuliko bei ya kopo moja la chakula. Nazo serikali za kaunti, ambazo chini ya Katiba ya 2010 zimekabidhiwa shughuli za uvuvi, ziwatume maafisa wao katika maduka hayo kama wanavyowatuma kwenye mabwawa ya wakulima.

Yule samaki wa dhahabu alipona siku ya tano. Mwanangu angali ndiye mlishaji, lakini sasa anacho kijiko kidogo cha kupimia, na kila Jumapili hukificha kabatini ili mama yake asikione.