Koki haipunguzi presha





Tangi la kijiji chetu liko mlimani, mita 80 juu ya nyumba za walimu. Maji yenye kimo cha mita 10 husukuma kwa kilo 1 hivi juu ya kila sentimita ya mraba. Basi sisi hupata kilo 8, wakati nyumba hutoshwa na 3. Kifaa cha kupunguza presha kimekufa. Kamati ya maji, badala ya kununua kipya, imeamuru koki kuu ifungwe nusu.

Huku ni kujidanganya! Koki hupunguza nguvu maji yanapotembea tu. Usiku, watu wote wakishafunga mabomba, maji husimama na presha hurudi ile ile kilo 8. Ndiyo maana mabomba yetu hupasuka usiku wa manane, na fedha za wanakijiji huishia kwenye viraka.

Wahusika wanunue kifaa kipya, na mbele yake wafunge chujio. Kile cha kwanza kiliuawa na mchanga.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Lushoto.