Pangani: Reli iliupita mji huu, je, daraja nalo litaupita?

Kwa miaka mingi, mwenye gari anayetoka Pangani mjini kwenda ng'ambo ya Bweni amekuwa na njia moja tu: kusubiri kivuko. Gari linasimama, abiria wanashuka, mwenye njaa ananunua chochote, ndipo safari inaendelea.

Daraja la mita 525 linalojengwa juu ya Mto Pangani linakuja kumaliza kusubiri huko. Kwa mgonjwa wa Mwera au Kipumbwi anayekimbizwa hospitali ya wilaya, hiyo ni habari njema kabisa. Ila historia ya mji huu ina onyo lake.

Mji uliozaliwa na mto

Mto Pangani unapata maji yake kutoka Kilimanjaro na Meru, unatembea kilomita kama 500 na kuingia Bahari ya Hindi hapo mjini. Karne ya 19, mlango wake ulikuwa lango la misafara ya bara. Pembe za ndovu zilishuka hapo, na watu waliotekwa utumwani pia. Wengine walibaki kulima miwa katika mashamba ya kando ya mto.

Aliyeshika Pangani alishika biashara. Ndiyo maana Septemba 1888, kampuni ya Kijerumani ilipotaka kutawala pwani, moto wa upinzani uliwaka hapo, ukiongozwa na Abushiri bin Salim. Wajerumani walimnyonga hapo hapo Pangani, Desemba 15, 1889.

Reli ikapita kwingine

Pigo lingine lilikuja bila bunduki. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, siyo Pangani. Tanga ina ghuba yenye kina, wakati mlango wa Mto Pangani una fungu la mchanga linalozuia meli kubwa. Reli ilipofika Moshi mwaka 1911, mzigo uliokuwa ukishuka Pangani kwa vichwa vya wapagazi ulikuwa umehamia kwenye mabehewa.

Mkonge unasimulia habari hiyo hiyo. Mwaka huo huo wa 1893, miche 1,000 iliagizwa kutoka Florida na Mjerumani Richard Hindorf. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutokana na hiyo likakua zao lililoipa Tanganyika jina duniani. Lakini mashamba makubwa yalisambaa kando ya reli, na mzigo ukatokea bandari ya Tanga. Kumbe Pangani ilitoa mbegu, wengine wakavuna.

Hata mto wenyewe unafika umeshatumika. Maji yanamwagilia mashamba ya juu, yanajaza bwawa la Nyumba ya Mungu na kuzalisha umeme Hale. Pangani inapokea yanayobaki. Yakipungua, maji ya chumvi yanapanda mtoni na kuharibu mashamba.

Sekunde 40 tu

Sasa inakuja lami ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo, sehemu ya njia ya pwani inayoanzia Malindi na kupita Mombasa na Lunga Lunga. Anayekwenda Dar es Salaam hatalazimika tena kuzunguka Segera na Chalinze.

Lakini fanya hesabu: gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa litavuka daraja hilo kwa sekunde 40 hivi. Hakuna kusubiri, na asiyesubiri hanunui.

Sababu za kusimama zipo. Kuna nyumba za kale mjini, Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005, na bahari yenyewe. Hata hivyo, Kisiwa cha Maziwe kinafundisha kwamba tangazo peke yake halitoshi. Kilihifadhiwa mwaka 1975 kwa sababu ya kasa waliotaga hapo. Miaka michache baadaye miti yake ikaisha, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa bahari ikijaa.

Kinachohitaji kuamuliwa mapema

La kwanza ni eneo la biashara. Mama lishe na wauza samaki wa kivukoni wanahitaji sehemu rasmi kando ya barabara mpya kabla gari la kwanza halijavuka.

La pili ni ardhi. Lami ikifika, bei inapanda na wanunuzi wanakuja na haraka zao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya kimila. Mwenye hati anajadiliana. Asiyekuwa nayo ni rahisi kusukumwa.

La tatu ni majengo ya kale, ambayo mengi yamechakaa. Yakianguka, mgeni atapiga picha ya daraja na kuondoka zake.

Mwaka 1893 hakuna aliyewauliza watu wa Pangani reli ipite wapi. Safari hii kuna madiwani na kuna mikutano ya vijiji. Njia ya barabara imeshapangwa. Kilichobaki mikononi mwao ni kumpa dereva sababu ya kukanyaga breki.