Mama mwenye kovu ajitayarishe nyumbani, azalie hospitali

Neno hili ni kwa ajili yako wewe uliyezaa kwa kupasuliwa, na sasa umeshika mimba tena. Ni kwa ajili ya mume wako vilevile, na mama mkwe, na wamama wa kanisa wanaokuja kukutazama jioni. Msomeeni asiyejua kusoma.

Tufikiri habari ya mama mmoja anayekaa Katuba. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kisu. Walitumia franga zote za nyumba, wakakopa kwa jirani, wakauza redio. Sasa mimba ya pili ina miezi minane, na mama amefanya shauri moyoni mwake. Anasema, "Safari hii sitakwenda. Wakiona kovu watanipasua tena. Nitamwita bibi wa jirani anayejua kuzalisha." Amekwisha kununua wembe mpya na uzi, amefua vitenge. Anaona kwamba amejitayarisha.

Je, mama huyu ni mjinga? Hapana. Sikubaliani na wanaomcheka. Anaogopa kisu, anaogopa deni, anaogopa maneno ya watu, na hofu hizi zina sababu. Lakini shauri lake laweza kumwua, na mtoto pia.

Kwanza nakuambia neno la kukufurahisha. Si kweli kwamba aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa daima. Tabibu Edwin Cragin wa New York alifundisha hivyo mwaka 1916, na wengi wakamfuata. Lakini siku zile matabibu walikata nyumba ya uzazi kwa kusimama, toka juu kwenda chini, na kovu la namna hiyo ni dhaifu. Tangu miaka ya 1920, kwa kazi ya Munro Kerr wa Glasgow na wenzake, matabibu walijifunza kukata chini, kwa kulala. Kovu la chini hushika vizuri zaidi. Leo, katika wanawake 100 wenye kovu moja la namna hiyo wanaojaribu kuzaa wenyewe katika hospitali iliyo tayari, 60 mpaka 80 huzaa kwa njia ya kawaida. Aliyewahi kuzaa mtoto kwa njia ya kawaida ana tumaini kubwa zaidi.

Tena ni vema kujaribu ikiwa tabibu amekubali. Maana kila kupasuliwa huongeza hatari kwa mimba inayofuata. Kondo la nyuma laweza kushikamana na kovu, na damu ikamwagika sana.

Basi, mbona nakukataza kuzaa nyumbani? Sikia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumba ya uzazi iliyokatwa ni kama ukuta uliozibwa ufa. Siku za kawaida husimama vema. Wakati wa uchungu husukumwa kwa nguvu saa nyingi. Kwa wenye kovu moja la chini, karibu mmoja katika 200 kovu hupasuka. Utasema, "Mmoja tu! Sitakuwa mimi." Lakini hakuna ajuaye ni nani. Kovu likipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo, na mtoto hukosa pumzi. Hapo wakati huhesabiwa kwa dakika, wala si kwa saa. Hospitalini kuna chumba cha kupasulia na damu ya kuongeza, na mara nyingi mama huokoka. Nyumbani kuna wembe na uzi. Bibi wa jirani, hata awe na mikono mizuri namna gani, hawezi kufunga damu iliyo ndani ya tumbo. Utamtafuta mwenye motokari usiku, mvua ya mwezi wa kwanza inanyesha, njia za Ruashi na Katuba ni matope. Hesabu yako ya mmoja katika 200 ni hesabu ya hospitali. Nyumbani huyo mmoja aweza kufa.

Jambo lingine ni dawa za kuharakisha uchungu. Mizizi ya kunywa, vidonge vilivyonunuliwa sokoni, sindano ya mahali padogo pasipo tabibu wa kupasua: vyote hivyo huifanya nyumba ya uzazi ikaze kupita kiasi. Kwa mama mwenye kovu ni kama kupiga nyundo penye ufa. Kataa, hata anayekupa akiwa ndugu yako.

Wengine watasema, "Mimi namwamini Mungu, sitaogopa." Ni vema. Lakini Nuhu alijenga safina kabla ya mvua, na Luka alikuwa tabibu. Kujitayarisha si kukosa imani. Wengine watasema kwamba uchungu ukikawia ni kwa sababu mama amefanya uzinzi, na watamshurutisha aungame. Jambo hili ni ukatili. Uchungu hukawia kwa sababu mtoto amelala vibaya, au ni mkubwa, au njia ni nyembamba. Saa zinazopotea katika kuulizana dhambi ni saa za kumpeleka hospitali. Tena wengine husema mama aliyepasuliwa ni mvivu, hakusukuma. Wasemao hivyo wajue kwamba zamani, mwaka 1879, Felkin aliona katika nchi ya Bunyoro, Uganda, mganga wa kienyeji akimpasua mama ili amtoe mtoto, baada ya kuosha mikono na tumbo kwa pombe ya ndizi. Wazee wale walifahamu kwamba kuna mtoto asiyeweza kutoka kwa kusukuma.

Sasa, matayarisho ya kweli ni haya. Yanaanza nyumbani, mapema.

1. Tafuta karatasi ya kupasuliwa kwako. Kovu la ngozi halionyeshi kovu la ndani. Ngozi yaweza kukatwa kwa kulala, na nyumba ya uzazi kwa kusimama. Rudi pale ulipopasuliwa, uombe waandike walikata namna gani, na kwa sababu gani. Ulipe fishi hiyo mahali pakavu, uichukue kila mara unapopimwa.

2. Nenda kupimwa mimba tangu mwanzo, na umwulize tabibu wazi, "Je, naweza kujaribu kuzaa mwenyewe?" Kama kovu ni la kusimama, au lilipata kupasuka, au kondo la nyuma limeziba njia, usijaribu. Kama umepasuliwa mara mbili au zaidi, tabibu ndiye wa kuamua.

3. Chagua mahali penye tabibu wa kupasua na damu, usiku na mchana. Maternite ndogo ya mtaani haitoshi kwako.

4. Kama unakaa mbali, upande wa Kasenga au kijijini, njoo mjini majuma mawili au matatu kabla ya siku, ukae kwa ndugu.

5. Jua aina ya damu yako. Tafuta ndugu wawili walio tayari kutoa damu.

6. Panga na mwenye motokari, uwe na namba yake na ya mwingine.

7. Uchungu ukianza, nenda mara moja. Usingoje uzidi. Kama kuna maumivu yasiyokoma kati ya uchungu na uchungu, au maumivu juu ya kovu, au damu inatoka, au kizunguzungu, au mtoto ameacha kucheza, au uchungu umekatika ghafula, ni hatari. Kimbilieni hospitali, wala msikutanike kwanza kufanya baraza.

Tena, kwa mimba itakayofuata, usifanye haraka. Shirika la Afya Duniani hushauri miezi 24 ipite tangu kuzaa mpaka kushika mimba nyingine. Kovu linahitaji muda wa kukaza.

Wewe mume, nina neno nawe. Miezi tisa ni mirefu. Anayeweka franga kidogo kila juma hatauza redio. Weka jina la mke wako katika likelemba, zamu yake iangukie mwezi wa kuzaa. Tena, mwaka 2023 Serikali ilianzisha mpango wa kuzaa bila malipo, ukianzia Kinshasa. Uliza kituo gani kwenu kimeingia katika mpango huo.

Na sisi wa kanisa na wa hospitali, tusijitoe katika lawama. Wachunguzi walioangalia hospitali moja kubwa ya Lubumbashi mwaka 2016 walikuta wamama waliokwisha kuzaa wakizuiwa pamoja na watoto wao, kwa sababu hawakulipa. Mama aliyezuiwa hivyo, au aliyemwona mwenzake amezuiwa, mimba ijayo atakaa nyumbani na wembe wake. Twaweza kumfundisha mwaka mzima, hatasikia. Kwa maoni yangu, hospitali inayomfunga mzazi kwa deni inafundisha wanawake kufia nyumbani. Kila hospitali itafute njia nyingine ya kudai. Na kila kanisa liwe na sanduku la wazazi, lisiguswe kwa maziko wala kwa sikukuu. Tunachanga upesi kwa ajili ya jeneza. Tuchange kwanza kwa ajili ya motokari ya kumpeleka mama.

Mama wa Katuba, wembe wako usiutupe, utakufaa kwa kazi nyingine. Vitenge ulivyofua vifunge pamoja na ile karatasi. Kesho asubuhi, kabla ya kupika bukari, nenda ukaulize juu ya kovu lako.